Godoro Lije Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kugeuza Jengo Tupu la Kaunti Kuwa Makao ya Muda Nairobi

Ukumbi wa jamii umefungwa kwa miaka, na watu wanalala kwenye baraza lake. Kundi la kanisa au la vijana linaomba ufunguo, na afisa mmoja anautoa kwa maneno ya mdomo. Magodoro yananunuliwa, watu sitini wanaingia. Wiki ya pili choo kinafurika, majirani wanalalamika, na afisa wa afya ya umma anakuja na kufuli. Wale sitini wanarudi barazani, wengine wakiwa wamepoteza hata nguo walizokuja nazo.

Jambo hili limejirudia mno, na kosa karibu kila mara liko kwenye mpangilio. Kilichopaswa kuja mwisho, yaani godoro, kimekuja kwanza. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa mfuatano wa kufanywa. Usiruke hata moja, kwa sababu kila moja hutoa karatasi au namba inayohitajika kwenye inayofuata. Hesabu zote ni za makao ya watu 40, ukubwa ambao timu ndogo inaweza kuumudu.

## Unachohitaji kabla ya kugusa kufuli

Watu

- Mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na EBK (bodi ya wahandisi ya Kenya), atakayeandika ripoti na kuitia sahihi.
- Fundi umeme mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati), na fundi bomba mwenye fito za kuzibulia mabomba ya maji taka.
- Wakili wa kusoma mkataba. Wapo wanaojitolea kwa kazi za namna hii, ila mwombe mapema.
- Mfanyakazi wa jamii mmoja wa kudumu.
- Wasimamizi wa usiku wanne, angalau wawili wakiwa wanawake. Zamu ya watu wawili kwa usiku saba ni zamu 14 kwa wiki. Kila mmoja akifanya zamu tano, watatu wanatosha kwenye karatasi, lakini akiugua mmoja mlango unabaki na mtu mmoja. Kila usiku lazima awepo mwanamke mmoja zamuni, na hilo halitimii mkiwa na msimamizi wa kike mmoja tu.
- Watu wawili waliowahi kuishi mtaani. Hawa ndio watakaowaambia kanuni ipi haitafuatwa na kwa nini.

Vifaa

- Magodoro 42 ya futi 2.5 kwa 6, yenye kava la reksini linalofutika. Godoro la kitambaa kitupu likishaingia kunguni, limekwisha.
- Vitanda vya chuma vya mtu mmoja, au paleti za kuinua godoro kutoka sakafuni.
- Blanketi 90, mbili kwa kila mtu na akiba. Usiku wa Juni hadi Agosti Nairobi si wa blanketi moja.
- Makabati madogo 40 yenye kufuli.
- Tangi la lita 5,000, ndoo 10 zenye mfuniko, klorini, na sabuni ya kutosha kumpa kila mtu gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia kila mwezi.
- Vizima moto vinne vya unga wa ABC vya kilo 6 au 9, ving'amuzi vya moshi, na taa za dharura zenye betri.
- Sanduku la huduma ya kwanza, glavu, na sanduku gumu la kutupia sindano.
- Daftari tatu: la mahudhurio, la matukio, na la mali iliyowekwa.

Magodoro na blanketi yako kwenye orodha ili mjue bei yake. Msiyanunue hadi hatua ya saba ikamilike.

## Hatua ya 1: Chagua jengo ambalo ni tupu kweli

Kaunti ina kumbi za jamii, ofisi za wadi zilizohamwa, nyumba za wafanyakazi, stoo, na vibanda vya masoko visivyofunguliwa. Ukumbi wa jamii mara nyingi ndio bora: una vyoo, una milango miwili, na majirani wameshazoea kuona watu wakiingia na kutoka. Stoo ndiyo mbaya kuliko zote. Haina madirisha, ina mlango mmoja, na huenda ilihifadhi dawa za wadudu au mafuta.

Tembelea mara tatu: asubuhi, saa nne usiku, na siku ya mvua. Ziara ya usiku ndiyo muhimu zaidi. Jengo linaloonekana tupu mchana mara nyingi lina mlinzi aliyelala na familia yake chumba cha nyuma, au bezi ya vijana, yaani kundi linalolala pamoja mtaani, kwenye ngazi, au mfanyabiashara anayeweka bidhaa. Hao hawafukuzwi ili wengine waingie. Waandikeni wa kwanza kwenye orodha yenu, au mtafute jengo lingine.

Onyo. Mitaa mingi ya zamani ya kaunti iko kwenye mpango wa kubomolewa na kujengwa upya. Uliza idara ya nyumba kama jengo lako limo, na bomoabomoa imepangwa lini. Jengo litakalobomolewa baada ya miezi 18 bado linafaa kwa makao ya miezi 12, mradi tarehe hiyo iandikwe kwenye mkataba.

Umefaulu ikiwa una jina la jengo, wadi, namba ya kiwanja, picha za kila chumba, na orodha ya kila mtu anayelitumia sasa.

## Hatua ya 2: Jua mwenye jengo kwa karatasi

Jengo lililopakwa rangi za kaunti si lazima liwe la kaunti. Baraza la Jiji lilikoma mwaka 2013, na mali zake zikapitia uhakiki uliosimamiwa na IGRTC, kamati ya uhusiano kati ya serikali kuu na kaunti. Kisha kati ya 2020 na 2022 NMS, chombo cha serikali kuu, iliendesha baadhi ya kazi za jiji, na mafaili mengine yalihama nayo. Viwanja vingine vina hati mbili, au kesi kortini.

Anza na utafutaji wa hati kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni. Kisha ipelekee kaunti barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ukiuliza mambo manne tu: jengo ni la nani, liko chini ya idara gani, limepangiwa nini, na lina deni lolote la maji au umeme. Sheria inataka jibu ndani ya siku 21. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Peleka nakala mbili City Hall, makao makuu ya kaunti, na urudi na moja iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila mhuri huo siku 21 hazina mahali pa kuanzia, na hapo ndipo maombi mengi hufia: barua ilifika, lakini hakuna anayeweza kuonyesha ilifika lini.

Ikiwa mlango wa idara umefungwa kabisa, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi kwa Bunge la Kaunti. Mwakilishi wadi wako anaweza kulisukuma. Egemeeni Kifungu cha 43 cha Katiba, kinachotaja haki ya makazi ya kutosha na usafi unaofaa, na takwimu za sensa ya familia za mitaani ya 2018, iliyohesabu watu 15,337 Nairobi peke yake.

Umefaulu ikiwa una matokeo ya utafutaji wa hati na barua ya idara moja inayosema: hili ni letu.

## Hatua ya 3: Kagua, kwa mpangilio huu

Ukaguzi huanzia juu kwenda chini, kisha humalizikia ardhini. Maji yanaharibu kutoka juu, na kinyesi kinarudi kutoka chini.

Paa. Kabla ya mtu yeyote kupanda, uliza paa ni la nini. Majengo ya zamani mara nyingi yana vigae vikubwa vya kijivu vya asbestosi. Asbestosi iliyotulia bila kuvunjika haina haraka, lakini ikitobolewa, ikivunjwa au ikifagiwa kavu hutoa vumbi linaloharibu mapafu miaka mingi baadaye. Usiweke msumari, usikate, usioshe kwa mashine ya presha. Kuiondoa ni kazi ya kampuni yenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira). Ikiwa vigae vimevunjika juu ya sehemu ya kulala, acha jengo hilo.

Mbao. Chomeka bisibisi kwenye kenchi na mihimili. Ikizama bila nguvu, mbao imeoza au imeliwa na mchwa.

Kuta. Tazama nyufa zinazoanza kwenye pembe za madirisha zikipanda kwa mshazari, na zozote zenye upana wa zaidi ya milimita 5. Paka plasta kidogo juu ya ufa, andika tarehe, rudi baada ya wiki mbili. Plasta ikikatika, jengo linatembea, na mhandisi aseme neno la mwisho. Aprili 29, 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma wakati wa mvua kubwa na kuua makumi ya watu. Alama ya X iliyopakwa ukutani na wakaguzi haifutwi kwa rangi.

Umeme. Fundi afungue ubao mkuu. Nyaya zenye kitambaa au mpira uliokauka zing'olewe zote. Kipatikane kikata umeme cha uvujaji cha miliampea 30, na waya wa kutuliza umeme ardhini upimwe kwa mita. Hapa ndipo pia deni la zamani hujitokeza: akaunti bado ina jina la Baraza la Jiji. Omba mita mpya ya tokeni kwa jina la mradi kuliko kurithi akaunti hiyo.

Maji taka. Tumia muda mwingi hapa, kwa sababu choo kibovu kinaweza kuyafunga makao yote. Choo kinachomeza ndoo moja hakijathibitisha chochote. Fanya hivi:

1. Fungua manholi zote, yaani mashimo ya kukagulia maji taka. Mifuniko ya chuma mara nyingi imeibwa na mashimo yamejaa taka, kwa hiyo zisafishwe kwanza.
2. Weka mtu mmoja kwenye manholi ya mwisho kabla ya laini kuu ya jiji.
3. Mimina ndoo ya lita 20 kwenye kila choo kwa wakati mmoja. Rudia mara tano mfululizo.
4. Aliye chini ahesabu muda. Maji yakichelewa zaidi ya dakika moja au mbili, au yakipanda ndani ya manholi, bomba limeziba au limeporomoka.
5. Weka rangi ya chakula kwenye choo kimoja baada ya kingine, uone kila kimoja kinatokea wapi. Kisichotokea popote kinamwagika chini ya jengo.

Mizizi ya miti ikirudi kwenye fito, kuzibua hakutoshi. Kipande hicho cha bomba kichimbwe na kubadilishwa.

Umefaulu ikiwa una ripoti ya mhandisi yenye sahihi, cheti cha fundi umeme, na idadi ya vyoo vilivyopita jaribio la ndoo. Namba hiyo ya mwisho inaamua kila kitu kinachofuata.

## Hatua ya 4: Hesabu watu kwa choo na mlango, si kwa sakafu

Kila anayeingia kwenye ukumbi mtupu huangalia sakafu na kuanza kuona magodoro. Hesabu sahihi ina namba nne, na iliyo ndogo kuliko zote ndiyo idadi yenu. Vipimo vya kwanza vitatu ni vya viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hutumia duniani.

- Nafasi: mita 3.5 za mraba kwa kila mtu, bila jiko wala stoo.
- Vyoo: kimoja kinachofanya kazi kwa watu 20.
- Bafu: moja kwa watu 50.
- Milango: angalau miwili, ikitazama pande tofauti na kufungukia nje. Jengo la mlango mmoja idadi yake ni sifuri hadi wa pili utobolewe.

Chukua ukumbi wa mita 12 kwa 18. Sakafu ni mita 216 za mraba. Toa jukwaa 24, ofisi na stoo 20, na chumba cha mizigo 12. Zimebaki 160. Gawanya kwa 3.5, unapata watu 45. Lakini vyoo vilivyopita jaribio ni viwili, kwa hiyo 40. Namba yenu ni 40, na mnaandikisha 38. Nafasi mbili hubaki wazi kila usiku kwa ajili ya mama mwenye mtoto mchanga au mtu aliyetoka hospitalini, watakaoletwa saa sita usiku bila taarifa.

Vitanda vya dabo deka vitapendekezwa, na vitaonekana busara. Vikatae. Havizai choo wala hewa, na aliyelewa au mwenye kifafa akianguka kutoka juu anaweza kuvunjika shingo.

Hewa isihesabiwe kama anasa. Kifua kikuu husambaa kwa watu wengi waliofungiwa chumba kimoja usiku. Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana, na matundu ya juu yabaki wazi daima, kwa sababu usiku wa Julai watu wataziba madirisha kwa matambara. Vitanda viachane mita moja, na kichwa cha mmoja kielekee miguu ya jirani yake.

Umefaulu ikiwa namba moja imeandikwa ubaoni mlangoni, na kila mmoja kwenye timu anaweza kueleza imetoka wapi.

## Hatua ya 5: Nenda kwa majirani ukiwa na namba hiyo

Ombeni baraza la wananchi kupitia kwa chifu na mwakilishi wadi. Msiende na maombi ya huruma. Nendeni na karatasi moja: idadi ya juu ya watu, saa za kufungua na kufunga, tarehe ya kufunga makao, nani anafagia nje, na simu ya msimamizi inayopokelewa usiku.

Majirani huuliza kuhusu wizi, kelele, na watoto wao kupoteza ukumbi wa mchezo na harusi. La tatu ni la haki kabisa. Kama ukumbi bado hutumiwa mara chache, kubaliana saa za mchana ambapo sehemu yake itabaki ya mtaa.

Umefaulu ikiwa una kumbukumbu za kikao zenye majina na sahihi za waliohudhuria, pamoja na za waliopinga.

## Hatua ya 6: Mkataba wa leseni, wenye tarehe mbili

Mnachotaka ni leseni ya matumizi ya muda. Leseni huwapa ruhusa ya kutumia jengo bila kuwapa haki ya kiwanja, na ndiyo maana kaunti huitia sahihi kwa wepesi kuliko mkataba wa upangaji. Miezi 12 yenye uwezekano wa kuongezwa inatosha kuanza.

Mambo yasiyoachwa:

- Tarehe ya mwisho, na tarehe ya pili ya mazungumzo ya kuongeza muda, miezi mitatu kabla yake.
- Notisi ya siku 90 kaunti ikitaka jengo mapema. Bila hiyo, mabadiliko ya afisa mmoja yanawatoa watu nje kwa siku moja.
- Nani analipa maji, umeme, bima na ukarabati wa muundo.
- Madeni ya kabla ya tarehe ya sahihi si yenu.
- Vitu mlivyofunga, kama tangi na makabati, mnaondoka navyo.

Mkitaka kaunti ilipe maji na ulinzi mwaka ujao, bajeti ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, na makadirio kufikia Aprili 30, kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Ombi lililofika Mei limechelewa kwa mwaka mzima.

Umefaulu ikiwa mkataba una sahihi ya mwenye mamlaka ya idara na mhuri. Barua ya pongezi kutoka kwa mwanasiasa haichukui nafasi yake.

## Hatua ya 7: Karabati kwa mfuatano usiobadilika

Paa na mifereji kwanza, kisha maji taka, maji safi, umeme, milango, kuta za kugawa, rangi. Anayepaka rangi kabla ya kurekebisha paa atapaka mara mbili.

Maji. Watu 40 kwa lita 20 kila mmoja ni lita 800 kwa siku. Tangi la lita 5,000 linatosha siku sita, na hiyo ndiyo kinga yenu dhidi ya mgao. Likae juu ya msingi wa zege, si wa mbao: likijaa lina uzito wa tani tano. Osha tangi kwa klorini kabla ya kulijaza.

Kugawa. Sehemu ya wanawake iwe na mlango wake wenye komeo la ndani, na choo chao kisihitaji kupita kwa wanaume. Familia zenye watoto zipate pembe yao. Tumia kuta za bodi zisizofika dari, hewa ipite. Mapazia ya nailoni yasitumike, yanashika moto na kuyeyuka juu ya mtu.

Moto. Kizima moto kimoja karibu na kila mlango, kimoja jikoni, kimoja ofisini. Ng'amuzi moja la moshi kwa kila chumba. Milango ya kutokea isiwe na kufuli ya nje wala mnyororo usiku. Weka komeo la kusukuma kutoka ndani. Waiteni zimamoto wa kaunti wakague kabla ya watu kuingia. Kituo kikuu kiko barabara ya Tom Mboya.

Onyo kubwa: jiko la makaa lisiingie ndani kamwe. Baridi ya Juni ikikaza, mtu atalileta ili kupasha chumba. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Jibu lake ni blanketi ya ziada na chai ya moto saa tatu usiku. Koili za umeme pia zikatazwe. Simu zichajiwe ofisini: simu 40 zinatumia umeme kidogo, tatizo ni nyaya za kuunganisha zilizotandazwa chini ya magodoro.

Chumba cha mizigo. Wengi wanaishi kwa kuokota chuma na plastiki, au kubeba mizigo. Gunia lililojaa ni mshahara wa kesho, na mkokoteni ni mtaji wote wa mtu. Bila mahali pa kuvifungia, mwenye navyo hatalala kwenu, hata mvua inyeshe vipi. Tenga mita 12 za mraba na uzio nje kwa mikokoteni. Mbwa nao wapate kivuli na kamba uani. Kwa mtu anayelala nje, mbwa ndiye mlinzi.

Umefaulu ikiwa afisa wa afya ya umma wa wadi amekagua na kuandika kwamba jengo linafaa kulala watu idadi yenu. Sasa nunueni magodoro.

## Hatua ya 8: Andikisha watu bezi kwa bezi

Tangazo la wazi huleta watu mia tatu mlangoni, na wenye nguvu ndio huingia. Nendeni kwenye bezi jioni, na wale wenzenu wawili waliowahi kuishi mtaani. Kila bezi ina kiongozi. Zungumzeni naye, lakini orodha mwandike wenyewe, mtu kwa mtu, kwa sababu kiongozi anaweza kuuza nafasi.

Watu wa bezi moja waingie pamoja na walale jirani. Bezi mbili zenye ugomvi zisichanganywe wiki ya kwanza. Kipaumbele: wajawazito, wenye watoto wachanga, wazee, walemavu, na wagonjwa.

Andika jina analotaka kuitwa, umri, afya, mtu wa kupigiwa simu, na kazi anayofanya. Kutokuwa na kitambulisho kusiwe sababu ya kumkataa mtu, kwa maana wengi hawana. Mweleze habari zake zitatumika wapi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka, na daftari lifungiwe kabatini.

Mtoto asiye na mzazi asilale hapa. Sheria haiwaruhusu kugeuka makao ya watoto bila usajili, na kumchanganya na watu wazima ni hatari kwake. Wasiliana siku hiyo hiyo na afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au piga 116, simu ya bure.

Usiku wa kwanza waingie 15. Wiki ya pili 25. Wiki ya nne mfikie 38. Ongezeko hili huonyesha choo kinachozidiwa kabla hakijafurika.

Siku ya kuingia: kuoga, nguo zote kufuliwa kwa maji ya moto, na uchunguzi wa afya kutoka kituo cha karibu. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu. Upele hutibiwa kwa wote wanaolala sehemu moja siku moja; ukimtibu mmoja, unarudi kwake baada ya wiki.

## Hatua ya 9: Endesha usiku

Saa za kufunga ziendane na kazi zao. Wabebaji wa masoko ya Marikiti na Gikomba huamka saa tisa na saa kumi usiku. Mlango unaofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi unawanyima kazi, nao watachagua kazi. Aliye zamuni awafungulie, aandike, afunge.

Kanuni ziwe tano, zibandikwe ukutani na zisomwe kwa sauti: hakuna silaha, hakuna kupigana, hakuna gundi wala pombe ndani, hakuna moto ndani, hakuna kuingia sehemu ya wengine. Kanuni ishirini hazikumbukwi, na kila msimamizi huchagua atakayoitumia.

Aliyekuja amelewa lakini ametulia aingie alale kwa ubavu, akitazamwa kila nusu saa. Mkimkataa, atalala mtaroni. Gundi iachwe kwenye kopo mlangoni. Msimlazimishe mnywaji wa kila siku aache ghafla: kutetemeka kunaweza kugeuka degedege, na degedege inaua. Anayejidunga heroini aelekezwe kliniki za methadoni zilizoko Ngara na Mathari.

Mwanamke au mwanamume akidhulumiwa kingono, afikishwe hospitalini ndani ya saa 72, kabla dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazijapoteza kazi. Asioge wala kufua nguo hizo. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Namba 1195, ya msaada kwa waliodhulumiwa, hujibiwa bure. Mtuhumiwa ndiye anayehamishwa, si mlalamikaji.

Kila asubuhi: klorini vyooni, magodoro yafutwe, mishono ikaguliwe kunguni. Kila Jumatatu: fungua manholi ya mwisho, utazame. Kila mwezi: zoezi la moto, usiku, bila tangazo. Watu wote wakitoka ndani ya dakika tatu, milango inafanya kazi. Wasipotoka, tafuta kilichowazuia usiku huo huo.

## Hatua ya 10: Fungua faili ya kutoka siku ya kuingia

Kila mtu awe na ukurasa wenye mistari minne: karatasi anazokosa, kipato, afya, na mahali anapoweza kuhamia. Mfanyakazi wa jamii akutane naye kila wiki mbili.

Anza na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, maana bila hivyo hakuna usajili wa SHA (bima ya afya ya serikali), laini ya simu, wala kazi ya mkataba. Chifu wa mahali alipozaliwa au anapoishi huhitajika kuthibitisha. Huduma Centre za GPO, Makadara, Kibra na Eastleigh ziko karibu, lakini mpeleke mwenyewe mara ya kwanza, kwa sababu wengi hurudishwa mlangoni kwa sura zao.

Chumba cha kupanga huhitaji kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti kwa mpigo. Fedha hizo mbili ndizo zinazowarudisha wengi mtaani, hata wenye kipato cha kila siku. Fungueni akiba ndani ya makao: kila mtu aweke kiasi anachoweza jioni, kwenye daftari lake, mashahidi wawili wakitia sahihi, na fedha zipelekwe benki au kwenye akaunti ya kundi siku inayofuata. Zisilale ofisini.

Miezi mitatu kabla ya tarehe ya mwisho, acheni kupokea wapya. Iandikieni kaunti kuhusu kuongeza muda, na wakati huo huo mpangieni kila aliyebaki pa kwenda, kana kwamba jibu litakuwa hapana. Mwezi wa mwisho, kila jina kwenye daftari liwe na anwani mbele yake: chumba alichopanga, jamaa aliyemkubali, au makao mengine yaliyothibitisha kwa barua. Jina lisilo na anwani halifungiwi mlango. Ombeni siku za ziada kwa ajili ya hao tu, mkitaja idadi yao.

Siku ya kukabidhi, pitieni jengo na afisa wa idara mkiwa na picha za hatua ya kwanza. Rudieni jaribio la ndoo mbele yake, mwandike mita za maji na umeme, mtie sahihi nyote wawili, na mchukue nakala.